Kadi Mbili, Akaunti Moja

Jumapili, 2 Juni

Wiki ya tisa tangu nitoke nyumbani, karibu na Orhei, kuja Italia kujenga. Mke wangu Nadea hakunisindikiza hata mlangoni. Alisema akiwa jikoni: nenda, ila usinipigie. Sijampigia.

Mgongo unauma, mikono imechanika kwa saruji. Lakini leo simu imelia nikaruka kutoka kitandani. Si yeye – benki! "Vifaa vya ujenzi, Orhei, lei 312." Akaunti yetu ni moja, kadi mbili, yangu na ya mke wangu. Binti wa benki alisajili namba zetu zote, basi akilipa mmoja simu zote mbili zinalia. Meseji inataja duka na kiasi. Kilichonunuliwa haisemi.

Lei 312, pesa ya kwetu, za nini? Nadea hajawahi kushika nyundo.

Gavril, tunayelala naye chumba kimoja, anasema ni mbao. Anakutengenezea jeneza, Larion!

Jumatano, 5 Juni

Nimetoa yuro hamsini kwenye ATM. Mashine ikauliza: tukukate kwa lei au kwa yuro? Gavril nyuma yangu anapiga kelele – usiguse lei, watakubadilishia kwa bei yao! Nikabonyeza lei. Nilitaka tu kuona. Nimeona: karibu yuro nne zimeliwa.

– Msomi wetu, akasema. Ada umeshalipa.



Jumamosi, 8 Juni

Bosi amelipa. Nusu benki, nusu mkononi, kama kawaida. Ya mkononi naiweka ndani ya buti la zamani. Nyumbani hakuna anayeijua.

Kadi yake haijaguswa tangu Jumapili. Hata mkate? Labda anatumia pesa za mayai anayouza. Labda anaumwa. Mama yake anaishi naye, angenitafuta. Au asingenitafuta.

Jumapili, 16 Juni

Wiki mbili, hakuna kitu. Nimemwambia Gavril. Akatafuna mkate wake, akauliza: na wewe je, yeye anaona nini kwako?

Sikuwahi kufikiria! Nikafungua meseji zangu. BAR MIRELLA. BAR MIRELLA. BAR MIRELLA. Mara kumi na moja kwa mwezi mmoja.

Mirella ni jirani wa kazini, na baa za huku ni maduka pia. Kwake tunanunua maziwa, tiketi za basi la mjini, vocha, wembe. Ni bibi wa miaka sabini. Lakini benki haisemi maziwa. Inasema baa, tena baa yenye jina la mwanamke.

Na mimi ndiye niliyekunywa mshahara wote wa vuli iliyopita, nikavunja mlango wa nyumba yangu kwa bega. Tangu Januari sijaonja tone. Nani ataamini?

– Mpigie! akasema Gavril.

– Alinikataza.

– Basi mwandikie kwamba hunywi.

Nilishamwandikia hivyo mwaka jana, kutoka Italia hii hii. Nilikuwa nimelewa.

Alhamisi, 20 Juni

Mpango wangu ni huu: kwa Mirella nalipa pesa za kwenye buti. Kadi inafanya kazi kwingine.

Leo baada ya kupiga lipu ghorofa nzima nimetembea hadi duka la dawa. Mafuta ya mikono, yuro 7.40, kadi. Kisha kwa fundi viatu, soli mpya, kadi. Nilitaka na mshumaa kanisani – hawapokei kadi! Nikawasha kwa sarafu. Nadea hataujua. Nimesikitika kweli, halafu nikaona aibu.

Gavril amecheka hadi akakohoa. Unatubu kwa mashine siku hizi? Padri akusomee risiti?

Jumapili, 23 Juni

Pentekoste. Nyumbani wameweka matawi milangoni. Simu imelia. "Duka la dawa, Orhei, lei 46."

Duka la dawa! Siku tatu baada ya langu. Bahati tu? Nimeisoma mara saba.

Jumanne, 25 Juni

"Vifaa vya ujenzi, Orhei, lei 540."

Nimemwonyesha Gavril. Hakutania. Aliuza vitasa sokoni Orhei miaka miwili.

– 540 kamili? Hicho ni kitasa cha Kituruki, Larion. Nimeuza mia.

Basi zile 312 zilikuwa za mlango. Mlango niliouvunja mimi. Ametengeneza mlango na sasa ameweka kitasa. Ili kumzuia nani?

Nimeharibu ukuta mmoja leo. Bosi amenitukana, sikumsikia.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeamua kwenda nyumbani kazi ya jengo hili ikiisha. Kama sitaingia, angalau nijue. Madereva wa mabasi madogo wanachukua yuro tisini, mkononi tu, Jumapili pale kwenye maegesho. Kila mtu wa kwetu husafiri nao. Ofisi ya mabasi makubwa stesheni ni yuro 134, na wanapokea kadi.

Gavril: yuro arobaini na nne zaidi, ili simu ya mkeo ilie tu? Kichaa wewe.

Ndiyo.

Jumamosi, 29 Juni

Nimekata tiketi asubuhi. Nikakosea namba ya siri mara moja. Ya pili ikakubali. Simu yangu ikalia mfukoni: "Mabasi ya Padova–Chişinău, yuro 134." Ndilo jina la ofisi, kutoka hapa hadi mji mkuu wa kwetu. Nikajua na kule jikoni imelia.

Nikakaa kwenye benchi la stesheni. Saa moja. Saa mbili. Sikula.

Nikiwa naandika haya chumbani, imelia. "Mchonga funguo, soko la Orhei, lei 40."

Nimemuuliza Gavril polepole, kama kwamba si jambo: kitasa kile cha Kituruki kinakuja na funguo ngapi? Mbili, anasema. Nadea na mama yake. Mbili.

Kwa hiyo amechongesha wa tatu. Na wachonga funguo wa soko lile tunawajua, hununa ukiwatolea kadi. Pesa za mayai anazo. Ametoa kadi.

Labda ni wa jirani. Labda mama mkwe amepoteza wake.

Basi linaondoka Jumamosi tarehe 13 alfajiri. Nafika Jumapili tarehe 14 Julai, kama saa sita mchana.