Kioo Nilichokifunga Kwenye Boti ya Magesa

Mabatini, Mwanza

Mdogo wangu Veronika,

Juzi kwenye simu uliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba upesi ili usisikie ninavyohema. Habari za Majita? Macho yako, tangu yazimike, bado yanatoa machozi upepo ukivuma? Mimi siponi. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ungenibembeleza, nami ningenyamaza tena.

Nataka kukueleza habari ya kile kioo.

Mumeo Magesa alipomaliza kuunda boti ya abiria aliniomba zawadi. "Shemeji, mama zetu hawashuki gatini bila kujitazama," alisema. "Niwekee kioo mle kibandani, uone kama wenzangu watabaki na abiria." Nilicheka, nikakubali. Nilikuwa mwalimu wa useremala huku Mwanza, na kazi hiyo niliijua. Niliwafundisha wanafunzi kwamba chomboni hufungwa kioo cha plastiki, kwenye fremu yenye mpira, skrubu zisikazwe sana, kwa kuwa mbao za boti hujinyonga kila wimbi likipiga. Wala kisikae juu ya kichwa cha mtu.

Muuza vioo hapa Mabatini alinionyesha cha plastiki. Kilipindisha sura kidogo. Nikaona aibu kupeleka nyumbani zawadi ya namna hiyo, nikakinyooshea kidole kioo kingine.

"Hicho ni cha ukutani, Mwalimu. Boti itakivunja."

"Nifungie hicho hicho."

"Haya. Utadhani unampelekea mchumba!"

Nilikifunga Jumamosi jioni, juu ya benchi la kina mama, bila mpira. Nilipokaza skrubu ya nne nikasikia tik. Ufa mwembamba kama unywele, kutoka pembeni hadi katikati. Kesho yake baada ya ibada mwinjilisti angekuja kuibariki boti, ukoo wote ukiwepo, na mama alikwishawatangazia wenzake wa kwaya kwamba kioo kimetoka kwa mwanawe wa Mwanza. Ningekitoa, wangeniuliza. Nikachukua kibandiko cha "Mungu ni Mwema" nikakibandika juu ya ufa. Mwinjilisti aliweka mkono palepale akaomba.

Siku ya tatu ulikaa chini ya kile kioo. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa kibanda. Wimbi lilikuwa la kawaida, Veronika, lakini kioo kilipasuka kikakumwagikia machoni. Watu walisema Magesa alikimbiza injini. Hakukimbiza. Wanawake walipokuwa wamekushika kichwa, mimi niliokota kipande chenye kibandiko nikakitia mfukoni.

Hospitalini Magesa aliniuliza mbele ya wazee, "Shemeji, kioo kilikuwa kizima?"

"Kizima kabisa," nikajibu.

Wazee wote wakamgeukia yeye. Aliiuza boti, na hajashika usukani tena. Mimi nikarudi Mwanza, na kila Krismasi nikakwambia kazi ni nyingi. Hata nilipostaafu niliendelea kusema hivyo, nawe hukuniuliza ni kazi gani.

Sikuombi msamaha. Sioni utatokea wapi, na macho hayarudi. Sitafika huko nikiwa hai, wala sitegemei jibu.

Nisalimie shangazi yetu Nyabise, kama bado ana nguvu za kuanika dagaa. Nisalimie mwinjilisti, umwambie aliyoyaombea pale yalikuwa uongo wangu. Wajukuu wako wasalimie bila kuwaeleza.

Magesa, shemeji yangu, najua sauti inayosoma ni yako, maana hakuna mwingine anayemsomea mke wako barua. Usiruke mstari. Kioo kilikuwa kimepasuka, na nilijua. Msomee hapo mara mbili. Kisha mwekee mkononi kile kibandiko, nimekitia ndani ya bahasha. Kipande cha kioo bado kimeng'ang'ania kwenye gundi, kwa hiyo mshike vidole, aguse taratibu.

Kaka yako,
Mafuru