Nilimwona Majid Hospitali

Jumapili, 4 Agosti 1996

Leo tena spika! Valentini alikuwa ndiyo kwanza anafungua somo la kwanza kanisani, wakaanza. Majid na wenzake wa mihadhara ya dini wamefunga spika mbili juu ya pikapu pale sokoni, midomo imeelekezwa kwetu, si kwa wanunuzi. Zamani mtu angeulizwa kibali. Siku hizi ruksa — mwenye jenereta ndiye mwenye mji.

Nilisikia kila neno. Eti Wamakonde tumeshuka na njaa yetu kutoka Newala, Kivinje ikatupa pa kulala, sasa tunataka kuipandishia msalaba kichwani. Eti Mungu wetu alinyonyeshwa na kubadilishwa nepi. Watu wakacheka. Nepi! Na mama yake Majid huyohuyo, Bi Mwahija, nimemshonea gauni la Maulidi juzi tu, akanisifia mkono.

Valentini alisoma kwa sauti yake ileile mpaka mwisho. Ndiye katekista wetu, anajua kusoma hata mvua ikipiga makuti. Baadaye akasema tumwombee Majid. Nikamwambia, omba wewe. Mimi namwombea sauti imkauke.

Akacheka. Sikuwa natania.

Jumanne, 6 Agosti

Wanawake wawili wamekuja kuchukua vitambaa vyao. Havijakatwa hata. "Tumeghairi, mama Rose." Hawakuniangalia usoni. Nimewafuata mpaka njiani, mmoja akasema kwa aibu kwamba sokoni inasemwa nasali rozari juu ya nguo ninapoishona, na mwenye kuivaa anaingiwa na pepo.

Pepo wa rozari!

Nimemwambia Valentini, haya ndiyo mateso yenyewe. Yeye anasema tusiharakishe. Kuna fundi mwingine amefungua kibanda karibu na stendi, ana cherehani mpya na mdomo mrefu, huenda ni biashara tu. Sasa hivi kila mtu anauza, kila mtu anampiga mwenzake kikumbo. Anasema tukiita kila kikumbo mateso kwa ajili ya Kristo tutajivika taji ambalo hatujapewa.

Nikamuuliza, na kinyesi cha mbuzi tulichokikuta ndani ya ndoo yetu ya maji? Nacho biashara?

Kachukua ndoo akaenda kuisugua tena. Huwa ananyamaza vizuri sana, mume wangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Rosemary wangu amerudi kutoka shule analia. Wenzake hawataki kukaa naye dawati moja. Wanasema ananuka nguruwe. Mtoto wa watu hajawahi kumwona nguruwe tangu azaliwe!

Na jioni kwenye spika Majid kasema lile banda letu la kusalia halitaifikia sikukuu ya Mariamu. Tumesikia wote. Eusebio, mwenyekiti wa kigango, aliacha duka lake la mitumba akaja mbio kutuuliza kama tumesikia. Tumesikia.

Namchukia huyu mtu. Naandika hapa ili nisije kulisema mbele ya mtoto.

Jumatatu, 12 Agosti

Wamechoma kigango, lile banda letu la makuti. Kimekwisha chote.

Niandike kwa utaratibu.

Rosemary alikuwa na homa tangu jana. Baada ya chakula cha mchana nikampeleka hospitali. Foleni ndefu. Tumekaa kwenye benchi, mara naona watu wanapisha — Majid, anakimbia, mwanawe mikononi, macho ya mtoto yamegeuka meupe. Degedege. Nesi alimpokea palepale. Walipomtuliza, wakamrudishia mtoto, wakamwambia akae amsubiri daktari. Nafasi ilikuwa moja tu. Ubavuni mwangu.

Akakaa. Hakusalimu, sikusalimu. Alivua kofia akawa anampepea mtoto nayo, huku midomo inamchezacheza. Dua nadhani. Nami nilikuwa na rozari mfukoni, naibana. Tulikaa hivyo muda mrefu sana, mabega yanakaribia kugusana. Sijawahi kukaa karibu na mtu ninayemchukia muda wote ule.

Ndipo kelele barabarani. Moto! Kanisa la Wamakonde linaungua!

Tuligeuka pamoja. Moshi ulikuwa ndiyo kwanza unapanda, mweusi. Nikamtazama yeye kabla sijautazama moshi vizuri. Nilitafuta furaha usoni mwake. Niliitafuta haswa. Sikuiona. Alishtuka kama mimi, halafu akarudisha macho kwa mtoto.

Nikambeba Rosemary nikakimbia. Makuti hayangoji mtu. Valentini aliingia kuitoa altare, meza ile aliyoiranda mwenyewe — ameitoa, na viganja vyote viwili vimebabuka. Wamemfunga bandeji mpaka kwenye vifundo. Amelala. Ananuka moshi na dawa. Rosemary naye homa imeshuka.

Jumanne, 13 Agosti

Majid kakamatwa! Asubuhi, mbele ya duka lake la vipuri vya baiskeli, mbele za watu. Pingu. Eusebio ndiye aliyekwenda kituoni kueleza yale maneno ya Ijumaa. Jioni watu wetu walijaa hapa nyumbani. Kulikuwa na kicheko, mtu kaleta sukari. Eusebio kasema, safari hii Mungu hakukawia.

Mimi nilijua. Tangu alipolitamka jina la Majid, nilijua. Moto umeanza Majid akiwa amekaa ubavuni mwangu, mwanawe magotini.

Nikachemsha chai. Nikawagawia. Nilicheka nao.

Basi kama hakuwasha kwa mkono wake, si aliwasha kwa mdomo? Wiki ngapi anamwaga mafuta ya taa kwenye masikio ya watu! Akae ndani. Ajue.

Jumatano, 14 Agosti

Bi Mwahija kaja.

Hodi yake nilidhani ya mteja. Alikuwa peke yake, amejifunika vizuri, kavaa lile gauni la Maulidi. Sijui kama ni kwa makusudi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa maana miguu haimtaki.

Kasema amekwenda kituoni kueleza kwamba mwanawe alikuwa hospitali. Wamemcheka. Mama atasema nini zaidi? Nesi naye kaeleza, wakamwambia wewe ni wa kwao. Kila anayemtetea ni wa kwao.

"Wewe si wa kwetu," akasema. "Wewe watakusikia."

Nikamwambia, Bi Mwahija, mwanao ametutukana tangu kabla ya Maulidi. Hukuja. Mwanangu kaambiwa ananuka nguruwe. Hukuja. Kinyesi kwenye maji yangu ya kunywa. Hukuja. Leo umeijua njia?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea, hilo nampa. Akasema, "Kweli sikuja. Nilikuwa namwogopa mwanangu mwenyewe, na bado namwogopa. Lakini ulimwona, mama Rose. Nesi kaniambia mlikaa benchi moja."

Nikarudi kwenye cherehani. Akashika ukuta kunyanyuka. Sikumsaidia kunyanyuka.

Valentini alikuwa amesikia yote chumbani. Hakujua habari ya benchi mpaka leo. Akaniuliza kitu kimoja: ni kweli? Nikasema kweli. Akasema, basi unajua la kufanya.

Nimemfokea! Nikamwambia yeye ni rahisi kwake, amezaliwa bila nyongo. Kwamba watatuona wajinga. Kwamba viganja vyake vimekuwa nyama, na bado anataka nimbebee huyo mtu mzigo wake. Kasema viganja vinauma mno, na yeye nyongo anayo, sana, ila hataki kusema uongo. Kisha akaomba maji. Nikamnywesha kwa kikombe kama mtoto, wote wawili tumenuna.

Alhamisi, 15 Agosti — Kupalizwa Bikira Maria

Padre kaja kutoka Lindi na Landrova, vumbi mpaka kwenye nyusi. Misa juu ya majivu. Turubai la Eusebio, altare yetu yenye ubavu mweusi. Sokoni kimya leo, hakuna spika. Watu walisimama mbali wakatutazama kama tamasha.

Padre akahubiri kuhusu kuwaombea wanaotutesa. Nimeyasikia hayo tangu mafundisho ya komunyo na kila mara nilidhani ni ya watu wengine. Kisha akaongeza la kwake: kuteswa si kibali cha kufanya lolote. Aliyepigwa hajapewa ruhusa ya kudanganya. Eusebio alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Anajua nini yeye!

Baadaye nilimngoja padre kwenye gari. Nikamweleza. Nikamuuliza kama kunyamaza ni dhambi, maana sijasema uongo, nimenyamaza tu. Kaniangalia kwa uchovu. "Tekla, hilo unaliuliza ukiwa umeshalijibu." Akapanda garini, akashusha kioo. "Na usitarajie atakushukuru. Ukienda kwa ajili ya shukrani, usiende."

Nilitaka anibariki. Hakukumbuka. Au alikumbuka.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimekwenda.

Afande aliyepo ni mtu wa bara, Mkristo mwenzetu, ana pete ya rozari kidoleni. Alinipa kiti vizuri, akanipa pole ya moto na ya mzee. Alidhani nimekuja kumkandamiza Majid. Nilipoanza kusema, akaweka kalamu chini.

"Mama, unajua unachofanya? Huyu tumeshampata."

Nikasema mmempata asiyekuwepo.

"Alikutuma nani? Mama yake?"

Nikasema mama yake alikuja, ndiyo, sikumkaribisha hata maji. Nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa anampepea mtoto kwa kofia moshi ulipoanza.

Akacheka puani. "Wewe ni mke wa katekista kweli?" Nikasema ndiyo, aliyeungua mikono. Andika. Hakuandika. Nikasema sitoki hapa mpaka uandike. Nilikuwa nasikia sauti yangu inapanda, watu wa nje wanachungulia. Nilikuwa na hasira na yeye, na Majid, na padre na kioo chake. Mwishowe akaandika. Kanisomea, nikatia sahihi.

Nilipotoka nilipita mbele ya mahabusu. Majid kashika nondo. Kaniona, akadhani nimekuja kumshitaki. Akapiga kelele: "Sema! Waambie yote! Upate kanisa la bati!"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Zuri, la kumuumiza. Nimelimeza, na linanikwaruza mpaka sasa.

Jumamosi, 17 Agosti

Majid katolewa asubuhi. Vigelegele mtaa mzima mpaka kwao.

Kabla ya adhuhuri Eusebio kaja na wazee wa kigango. Hawakukaa. Kasema nimewauza. Kasema nguo zangu nitarudishiwa sasa, wateja watarudi, ndiyo bei yangu hiyo. Mmoja akasema bora nijifunike baibui kabisa, ijulikane. Valentini akataka kusema, Eusebio akamkata: "Katekista, wewe tunakuheshimu. Mkeo kesho asije."

Hivi ndivyo ilivyo. Waliotia kinyesi majini sikuwalilia. Hawa nimewalilia.

Alasiri, hodi nyingine. Majid.

Alisimama nje kwenye jua, hakusogea kizingitini. Amekonda kwa siku hizo chache, jicho moja limevimba — wamempiga huko ndani. Nami nilibaki ndani, mlango katikati yetu.

"Sikukutuma," akasema.

"Sikufanya kwa ajili yako."

"Na bado nasema yaleyale. Dini yenu ni ya uongo."

"Hukuja huku kwa ajili ya hilo."

Akafuta jasho. Nikamuuliza mtoto vipi. Swali limetoka lenyewe, sikulipanga. Akasema anatembea. Kisha akatazama barabarani huku na huku, akashusha sauti — yeye, mwenye spika mbili! "Kesho msisali pale majivuni."

Kwa nini? Nani? Nikamuuliza nani.

"Nimesema msisali pale." Akaenda zake. Hakuaga.

Ni tishio? Ni deni analolilipa bila kunishukuru? Nimeugeuza ule uso wake kichwani mpaka nimechoka. Valentini naye hajui. Kituoni siendi, yule afande atacheka tena puani.

Jumapili, 18 Agosti

Asubuhi na mapema nimekwenda kwa Eusebio. Hakufungua mlango wote. Nimemweleza: Majid kasema tusisali pale leo. Akanitazama kama mtu anayetazama maji machafu.

"Sasa umekuwa mjumbe wao."

Nikamwambia sali popote, sali hapa kwako, sali nyumbani kwetu, leo tu. Nikamwambia usiponiamini mimi, waonee huruma watoto. Akasema wakianza kutuhamisha kwa maneno ya mwanamke, kesho watatuondoa Kivinje. Na hilo si la kijinga, ndiyo ubaya wake. Akafunga.

Nimepita kwa wengine. Wawili wamesema watabaki. Mmoja hakuitika, nami namwona dirishani. Sasa hivi wanapita hapa mbele kwenda kwenye turubai, wamevaa vizuri, na watoto. Wanapita upande wa pili wa njia ili wasinikaribie. Rosemary nimempeleka kwa Bi Mwahija. Naam. Kwa Bi Mwahija! Sikujua pengine pa kumpeleka. Alifungua mlango wote.

Valentini kavaa shati jeupe. Nimemfunga vifungo. Nimemwambia usiende. Kasema watu wake wako kule, na yeye ndiye msomaji. Nikasema basi na mimi nakuja, anitoe Eusebio kwa mkono wake mbele ya watu. Kasema, "Njoo."

Ameketi kitandani, viatu miguuni, kamba zinaning'inia. Hawezi kuzifunga kwa mikono ile. Ananingoja nimalize kuandika. Nje wameanza kuimba — na kule sokoni nasikia jenereta ya spika inavutwa kamba, inakohoa, inazimika, inavutwa tena. Ameniita mara ya pili. Napiga magoti nimfunge viatu.