Jina Nililoita Ngazini

Kabuchai,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu mpendwa Wekoye,

Pokea salamu zetu zote za huku nyumbani. Mguu unaendeleaje? Mkeo Jelimo aliniambia kwamba plasta bado haijatolewa, nawe unamsumbua kutwa ukitaka kwenda shambani. Tulia, bana, mahindi ya Endebess hayatakimbia. Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, na tangu nirudi kutoka Mombasa analala usingizi wa kweli.

Kwenye simu nilikuambia kwamba safari ilienda sawa. Simu ni rahisi kudanganyia, ndiyo sababu leo naandika.

Mji wa Kale si ule aliokuwa akitusimulia marehemu Mukhisa. Unakumbuka alipokuwa huko kwa kazi ya uashi, alivyowasifu majirani waliomletea mahamri asubuhi bila kuitisha kitu? Wamehama. Nyumba alimopanga chumba sasa ni hoteli, na mlango wake wa nakshi ni wa watalii kupigia picha. Baraza la wazee wa kahawa limewekwa mito, na kibao kinasema ni la wageni wa hoteli pekee. Nilikasirika, kaka, maana kuta zile ni ndugu yetu aliyezipiga lipu. Alizirembesha, kisha bahari ikammeza, na miaka sita sasa hata mwili hatujauona.

Ngazi za mawe alikozamia ziko nyuma ya hoteli hiyo. Siku hizi watu hunywa chai pale. Nilimweleza bawabu, kijana wa kwetu Bumula, kwamba nimetumwa na mama. Kwamba katika ukoo wetu aliyepotelea majini huitwa na ndugu wa tumbo moja, jina lake mara tatu kwa sauti kubwa, kisha jiwe la pale pale hubebwa likazikwe nyumbani. Nilimwambia pia kwamba ulistahili kuja wewe mkubwa wetu, ila umevunjika mguu. Alinielewa kabla sijamaliza. Akaniambia ati hata yeye haruhusiwi kukaa ngazini, lakini akaenda kumwomba meneja. Meneja alikubali, ila akataka ningoje saa kumi wageni wakishuka, kwa kuwa wanapenda sana utamaduni.

Ningekataa. Lakini nilikuwa nimetoka mbali hivyo, na mama alikuwa akingoja. Nikakaa.

Wakashuka, wakaketi, wakainua simu zao. Mama mmoja alinipungia mkono nisogee kwenye mwanga, nami, mjinga, nikasogea. Nilifungua mdomo sauti ikagoma. Nilipojaribu tena jina lilitoka, nikaliita mara tatu, wao wakapiga makofi. Niliokota jiwe nikaondoka bila kugeuka. Bawabu alinifuata mpaka barabarani akilia kunishinda.

Jiwe tulilizika kando ya baba. Pasta aliomba, na mama akalia kile kilio alichokuwa amekibana miaka yote hii. Kesho yake alioga, akavaa lile gauni lake la kijani, akacheka na wajukuu.

Wekoye, jina nililoita si la Mukhisa. Niliita lako.

Tangu utotoni, mbwa wakinifukuza, mto ukifurika, ni wewe niliyekuita. Siku ile niliogopa, na mdomo ukaenda ulikozoea. Mara ya kwanza ilinitoka tu. Ya pili na ya tatu niliita nikijua, kwa kuona aibu kukosea mbele ya wale watu. Niliwaonea aibu watu nisiowajua, nikamwacha ndugu yetu majini, na wewe uliye hai nikakuita kama mfu. Moyo wangu umevunjika, kaka.

Nakusihi, ukipona uende ukamwite. Usimwombe mtu ruhusa, na akitokea wa kukupiga picha, mwite hivyo hivyo.

Msalimie Jelimo na watoto. Mama asijue neno. Kila jioni hubeba kiti chake akakaa pale kaburini, akamwambia Mukhisa habari za siku nzima.

Nisameheni, wewe na yeye.

Ni mimi dada yenu,
Nangila