Vidato vya Nyumba ya Malindi

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.
8 Februari 2026

Mpendwa mwanangu Haitham,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii inakukuta mzima na kwamba baridi ya Japani imeanza kukuonea huruma. Unakula? Unalala? Shahida, tangu aje likizo kutoka huko, ameniambia umekonda, nami sitaki kulisikia hilo mara ya pili. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Ramadhani imekaribia na mji mzima unatafuta tende.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Shahida anarudi huko kesho kutwa na amekubali kukuletea barua hii pamoja na karatasi ya vipimo ulivyoniomba. Bibi yako amekataa nivitume kwa simu. Anahofia tarakimu zitapotea njiani.

Kwanza nikushukuru. Ulipotueleza kwamba unafikiria kubuni kiti chenye miguu na akili mnemba, kitakachomshusha bibi yako ngazini na kumpandisha bila kuguswa na mtu, nilicheka. Nisamehe. Ni wewe, uliye mbali kuliko wote, uliyekumbuka kwamba tangu aanguke miaka mitatu iliyopita mama yangu alikuwa hajashuka kutoka ghorofa ya pili. Sisi tunaoishi naye tulikuwa tushazoea.

Msimamo wake unaujua. Vijana wa mtaani wamejitolea kumbeba mara nyingi, na jibu lake ni lile lile: "Nyumba hii wanaoshuka mabegani mwa wanaume ni maiti. Mie bado." Kilichomuuma zaidi ni dada yake, Bi Amne, aliyepooza kule Chwaka na kupotewa na kauli. Simu haikuwa na faida tena. Hata tukiwasha video, Bi Amne huangalia ukuta. Mama alikuwa akiogopa kwamba mmoja wao atatangulia kabla hawajaonana.

Nilipomsomea wazo lako, yeye hakucheka. Alilikosoa kama posa. Buibui lake likinasa kwenye miguu ya kiti, nani atalinasua? Chaji ikimalizika katikati ya ngazi, akae hapo mpaka lini? Na hilo jicho la kamera, likishaona vidato vya ngazi, litakuwa linamtazama nani? Nami nina langu: hewa ya chumvi ya hapa imekula bawaba za madirisha yote, sembuse mashine. Yajibu yote, baba.

Jumatano nikachukua futi ya kushonea nipime vidato kama ulivyoagiza. Mama, aliyeshona kanzu za watu miaka arobaini, hakuniamini. "Wewe hujapata kupima hata mkono wa shati. Lete nkushikie." Kuinama hawezi, basi akaketi kwenye kidato cha kwanza na kushika ncha ya futi, mimi nikawa nasoma na kuandika. Tulipokimaliza akajisogeza, akaketi kwenye cha pili, kisha cha tatu. Kwenye cha tano alinigombeza kwamba nimeilegeza futi. Utaona mwenyewe kwenye karatasi: hakuna vidato viwili vilivyo sawa. Kimoja sentimita kumi na tatu, kinachofuata ishirini na sita. Fundi aliyezijenga ngazi hizi nadhani alikuwa na njaa.

Tulipofika cha kumi na saba, Bi Salhiya wa ghorofa ya kwanza alifungua mlango akapiga ukelele. Hapo ndipo mama alipogeuka akatazama juu, akaona alikotoka. Nilidhani ataingiwa na hofu, aombe kurudishwa.

"Vimebaki vingapi?" akauliza.

Nikamwambia kumi na vinne.

"Basi vuta futi. Kazi haiachwi nusu."

Chini alishika bakora yake, akavuka kizingiti mwenyewe. Hata kahawa ya Bi Salhiya hakuingoja. Alasiri ile ile tulipata gari tukaenda Chwaka.

Bi Amne alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akamshika mama sikio, akalivuta kwa nguvu, kama dada anavyomfanyia mdogo wake aliyetumwa dukani akapotelea mchezoni. Mama alilia.

"Naam, dada," akasema. "Nimekawia."

Mpaka leo wako pamoja, na habari ya kurudi Malindi mama hataki kuisikia. Kupanda kwa kuketi hakuwezekani. Tulijaribu mimi na Bi Salhiya, tukaishia kucheka na kuumwa viuno. Kwa hiyo kiti chako bado tunakihitaji, ila kifundishe kupanda kwanza. Sitakusifu kupita kiasi, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini ahsante, Haitham, ahsante sana. Bila ya ndoto yako hiyo, mama angekuwa bado yuko dirishani.

Bi Salhiya anakusalimu, na ami yako Mcha, na Ummkulthum, ambaye anauliza kama kiti kitaweza pia kumbebea ndoo za maji. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akuzidishie elimu yenye manufaa, na akurudishe kwetu salama. Bibi yako ametimiza miaka themanini na miwili. Na wewe usikawie.

Wako akupendaye,
Shangazi Muzdalifa