Siku Niliyomchagulia Baba

Daegu, Oktoba 1983

Dada yangu mpendwa Pil-sun,

Salamu nyingi, nikitumaini barua hii itawakuta wazima wewe, shemeji na watoto huko Busan. Hapa tunaendelea. Mama bado analalamika magoti, lakini kabichi za msimu amezichagua mwenyewe sokoni na amegombana na wauzaji kama kawaida yake.

Umeuliza kama utahitajika tarehe tatu ya mwezi wa kumi, kwa kalenda ya mwezi mwandamo, kwenye ibada ya kumbukumbu ya Baba. Kabla sijakujibu, nina neno.

Unakumbuka jinsi Mama alivyoteseka. Baba alichukuliwa kiangazi cha vita na hakurudi, na kwa kuwa hatukujua siku aliyokufa, tulimwekea chakula tarehe tisa ya mwezi wa tisa, siku ya waliopotea wote. Mama aliona aibu. Aliniambia, "Mwanangu, mifupa yake siidai tena. Nipe siku tu, nimpikie mume wangu kama wajane wengine."

Ndipo nikaanza kwenda maktaba kila Jumamosi kufukua magazeti ya zamani, nikitafuta tangazo la kifo chake. Mtunza magazeti, Bi Namgung, alinitania mpaka basi. Alisema wa ukoo wake angewakusanya wote kabla chai yake haijapoa, lakini kwa Kim ningezeekea pale, maana hata paka wa maktaba huenda ni Kim. Hakukosea. Akina Kim Yong-ho, wenye jina kamili la Baba, nilihesabu sitini na mmoja, nikaacha kuhesabu. Walimu, wezi wa baiskeli, wafu wa mafuriko. Macho yaliniuma, nikafa moyo.

Miaka minne iliyopita nilimletea Mama tangazo la Kim Yong-ho aliyefia hospitali ya wafungwa wa vita mwaka 1953, tarehe tatu ya mwezi wa kumi. Ulikuwepo, uliona alivyolia kwa furaha na kukimbilia kununua samaki.

Dada, yule marehemu si wetu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Umri niliukata kwa mkasi kabla sijaleta karatasi nyumbani.

Nilifanya hivyo kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimempata Baba. Alikuwa kwenye gazeti la mwaka 1961, picha ya ufunguzi wa shule karibu na Gangneung. Fundi seremala Kim Yong-ho, mzaliwa wa Yecheon, alishukuriwa kwa kutengeneza madawati, na watoto wake watatu wakatajwa miongoni mwa wanafunzi. Sikio la kushoto ni lile lile alilonyofolewa na ng'ombe. Hakupotea. Alitukimbia tu.

Ningemwambiaje Mama? Nikaona afadhali mume aliyekufa. Nikajiapiza kwenda kumkabili Baba, nikaahirisha, mwaka baada ya mwaka. Nilikwenda mwezi uliopita. Karakana ipo. Binti mmoja mwenye pua yako alinikaribisha akidhani nataka kabati. Alisema baba yake alifariki majira ya baridi miaka mitatu iliyopita, tarehe ishirini ya mwezi wa kumi na mbili, na kwamba kila mwaka wanampikia supu ya samaki chewa.

Yaani nilipomzika kwa mkasi alikuwa hai, Dada. Ningeweza kumfikia.

Binti akaniuliza jina la ukoo. Nikamwambia Kim. Akacheka, akasema, "Basi huenda sisi ni ndugu." Nami nikacheka. Nilinywa chai yake nikaondoka.

Sasa siku aliyoililia Mama ninayo, ya kweli kabisa, na siwezi kumpa. Wiki iliyopita aliniomba akifa tumwekee chakula tarehe tatu, sahani yake kando ya mumewe. Nimemwitikia. Tangu hapo silali, na sioni pa kutokea.

Njoo basi, Dada, unahitajika sana. Nimechoka kumwinamia kijana wa watu peke yangu.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto. Mama anasema usisahau kuleta matunda ya persimoni yaliyokaushwa, yale laini, maana Baba aliyapenda.

Mdogo wako,
Sang-gyu