Sauti ya Mwenyekiti peke yake

Shoga, uko wapi? Shika simu!

Leo kwaya tumerekodi. Mwenyekiti, wifi yangu yule yule, kasimama mbele ya watu wote: "Wifi, wewe fungua mdomo tu, sauti usitoe. Unatuharibia wimbo." Mimi! Sauti nisitoe!

Fundi alikuwa anachomeka nyaya kutoka kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti, kwenda kwenye kisanduku cha kurekodia. Nikamuuliza, "Mwanangu, nyaya zote hizi za nini?" Akasema kila maiki ina waya wake, kila sauti inaingia kwenye kompyuta peke yake.

Peke yake! Nikarudi kwenye mstari.

Tukaimba, mimi bubu. Wimbo ukaharibika vilevile! Watu wakatazamana. Nikasema kwa upole, "Fundi, hebu tusikie maiki ya Mwenyekiti."

Shoga, bawaba ya mlango! Bawaba yenye kutu! Kwaya nzima hoi kwa kucheka. Nikamwinamia: "Wifi, fungua mdomo tu, sauti usitoe."

Nikamwomba fundi ile sauti, nimeifanya mlio wa simu yangu. Mwenyewe yuko hapa pembeni, anakunywa chai, kanuna.

Nipigie sasa hivi. Nipigie!