Gari Linalohesabu Kabla ya Kuondoka

Alhamisi, Julai 1988. Mvua ilikoma saa kumi lakini ukungu haujaondoka Eldoret. Mwandiko huu haufanani na wangu.

Nitaandika yote, halafu nitaamua kama ukurasa huu ubaki.

Kesho saa tatu asubuhi natakiwa kituo cha polisi, mimi na gari la mradi wetu wa maziwa.

Gari lenyewe ni lile jeupe la dizeli, refu, ambalo wafadhili walituachia walipofunga virago. Halina klachi. Unaweka gia mahali pamoja, mengine linajifanyia lenyewe. Ofisini wanalionea fahari. Mimi naliogopa tangu wiki ya kwanza, kwa sababu ukikanyaga mafuta haliondoki. Linanguruma, linatoa moshi mweusi, linafikiri. Kisha linaruka kama ndama aliyekatiwa kamba. Mzee Kiptoo, dereva wetu aliyestaafu, alinikabidhi funguo kwa maneno machache tu: "Ukikanyaga, hesabu moja, mbili. Ya tatu ndiyo yake."

Nilicheka. Nina digrii ya kilimo, sikudhani nitakuja kulihesabia gari.

Wiki tatu zilizopita nilipaswa kulipeleka kwa fundi. Sikulipeleka. Mimi ndiye msichana wa kwanza kupewa gari pale ofisini, na sikutaka mtu aseme, "Si tuliwaambia?"

Leo nilikuwa kijijini Ziwa kukagua maziwa. Tangu asubuhi polisi walikuwa wamezuia magari kwenye barabara kuu kwa sababu kuna mkubwa aliyekuwa akienda kuhutubia mkutano. Lori la maziwa likakwama huko. Wakati wa kurudi nilimbeba Mama Salina, mfugaji mwenye ng'ombe wanne, pamoja na mikebe yake miwili ambayo lori halikuja kuichukua. Hakulalamika hata kidogo. Alikuwa anafungua kifuniko, ananusa, anafunga. Baada ya muda anafungua tena. Kila alipofungua, hasira yangu ilipanda.

Tulipofika njia panda, barabara kuu ilikuwa tupu. Askari aliyesimama pale alitupungia mkono tupite. Nikaingia ili nivuke. Tulipokuwa katikati kabisa, ubavu wa gari ukiwa umeziba njia, nikasikia king'ora.

"Toa gari! Toa gari!" askari alipiga kelele.

Nikakanyaga.

Moja. Magari meusi yalitokeza kwenye kona, taa zikiwaka mchana. Mbili. Mama Salina alikumbatia mkebe kama mtoto. Ndipo gari likaruka, likatua kwenye nyasi, mkebe wa pili ukapinduka na maziwa yakatapakaa miguuni petu. Nyuma yetu matairi yalilia.

Msafara ulikuwa umefunga breki. Kwa sababu yangu.

Watu wamepotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Mwenzangu wa chuo alichukuliwa kwa karatasi moja ya kupinga serikali iliyokutwa chini ya godoro lake. Hatumtaji. Tukikutana sisi tuliosoma naye, tunaulizana habari za mvua.

Msafara ulipopita, askari alikuja dirishani. Nilidhani atauliza leseni.

"Madam, nani amekutuma usimame pale?"

Nilijaribu kumweleza kwamba gari halina klachi, kwamba linachelewa. Akaniangalia kutoka kichwani mpaka viatuni. "Gari bila klachi? Unanichezea?"

Mama Salina aliinama mbele yangu. "Afande, hili gari ni bovu! Tangu Ziwa linakohoa kama babu yangu. Si uingie ulikanyage mwenyewe, uone kama halitakuaibisha? Na maziwa yangu nani atalipa, wewe ama huyo mgeni wako?"

Nusura acheke. Lakini aliandika. Jina langu, ofisi, jina la baba, kazi ya baba. Kesho saa tatu, akasema, nilete gari kituoni walijaribu wenyewe.

Jina la baba! Ni mwalimu wa shule ya msingi kule Moiben. Hajawahi kuchelewa gwaride la bendera hata siku moja. Kesho nikijibu vibaya, watakaomfuata hawatauliza habari za gwaride.

Nikalipeleka gari kwa Mzee Hirsi, ambaye malori yake huenda kaskazini na anayejua dizeli kuliko mtu yeyote mjini. Alitoa filta ya hewa akaigonga sakafuni, vumbi na makapi ya mahindi yakamwagika. Akasema huku kwetu juu hewa ni nyepesi, dizeli inapumua kwa shida, na mimi nimeiziba pua. Tena waya unaoiambia gia ishuke umelegea. "Gari lako ni kama mzee wa baraza," akasema. "Ukimwuliza kitu, anavuta tumbaku kwanza." Kazi ya saa moja tu. Na siku nyingine, kabla ya kuingia barabarani, niishushe gia kwa mkono, nikanyage mapema kidogo, nisisubiri hatari ndipo nikanyage.

Alinyoosha mkono kuchukua spana.

"Usiliguse, Mzee," nikasema.

"Binti, miaka hii yote hakuna mtu amewahi kuniomba nimwachie ugonjwa."

Nikamweleza sababu. Kicheko kikafutika usoni mwake. Alizoa uchafu, akarudisha filta pamoja nao, taratibu, akafuta mikono kwa muda mrefu. "Basi huyo afande aliendeshe mwenyewe," akasema. "Na wewe usisimame mbele ya hilo gari."

Sasa liko nje ya dirisha langu, gonjwa, shahidi wangu wa pekee. Ili nifike kituoni lazima nivuke barabara ile ile. Kesho wanafunzi watakuwa njiani, na mimi nimeacha kwa makusudi gari linaloruka bila mtu kujua lini. Nitavuka kabla hawajatoka majumbani, nikae nje ya kituo hadi saa tatu. Hata hili linaniogopesha, kufika mapema hivyo kama mtu mwenye hatia.

Lakini si hilo ninalolikwepa tangu nianze kuandika.

Nilipomshusha Mama Salina kwa dada yake, aliinua mkebe uliobaki, akasema polepole, "Gari lilichelewa, msichana wangu, ni kweli. Lakini mguu wako pia niliuona." Akaenda zake.

Niliyaona magari meusi. Nilisikia harufu ya maziwa yaliyoanza kuchacha. Nikawaza: na wao wangoje kidogo.

Wazo hilo lilidumu muda gani? Sijui. Pengine nilikuwa nimeshakanyaga, nikawaza hivyo gari likihesabu mbili, wakati hakukuwa na la kufanya tena. Nataka sana iwe hivyo. Pengine ile moja ilikuwa yangu, si ya gari.

Filta chafu itamridhisha afande, mradi asiniangalie usoni. Kwa hiyo nimekuwa nikijizoeza mbele ya kioo. Nani amekutuma? Ni gari, afande. Nimerudia mara tisa. Kila mara, kabla sauti haijatoka, kuna kimya kidogo. Mtu asiye na hatia hana kimya hicho.

Ukurasa huu nitauchana, nitautia kwenye jiko chini ya sufuria ya chai. Au nitaukunja niufiche, maana nikiuchoma sitabaki na mahali pengine niliposema kweli.

Kesho nitafungua mdomo kabla swali halijaisha.